Shiraishi, aliyeacha ubingwa Tokyo akaenda kuburuza mkia Hiroshima

Mei 5, 1964, mashabiki waliokwenda Uwanja wa Korakuen jijini Tokyo kuwaona Yomiuri Giants wakicheza na Hiroshima Carp walishuhudia kituko. Alipoingia kupiga Sadaharu Oh, yule nyota wa Giants anayeinua mguu mmoja kama korongo kabla ya kupiga, wachezaji wa Carp walianza kuhama. Mmoja baada ya mwingine walisogea kulia, hadi nusu moja ya uwanja ikajaa watu 6 na nusu ya pili ikabaki karibu tupu. Ilikuwa kama kipa anayesubiri penalti akiwa ameegemea mwamba mmoja, goli lote lililobaki kamwachia mpigaji.

Aliyetoa amri hiyo kwenye benchi la Carp ni mtu wa miaka 46, Katsumi Shiraishi. Wakongwe wa Giants hawakuhitaji kutambulishwa kwake. Miaka 28 kabla ya siku hiyo alikuwa kijana wao, na wao ndio waliomfundisha kazi.

Kwa aliyezoea kandanda tu, besiboli inahitaji maelezo kidogo. Timu inayolinda huwa na watu 9 uwanjani. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji wa timu pinzani anaupiga kwa gongo, kisha anatimua mbio kuelekea besi ya kwanza. Akifika kabla ya mpira kurudishwa pale, amepona. Mpira ukimtangulia, ametolewa. Sasa, kati ya besi ya pili na ya tatu kuna pengo, na mipira mingi mikali hupita hapo. Anayelinda pengo hilo anaitwa shotistopu. Hana besi ya kuiita yake, yeye kazi yake ni kuziba. Ukitaka kumfananisha na mtu wa soka, ni namba 6 yule mkabaji: akifanya kazi yake vizuri huonekani uzuri wake, akikosea mara moja uwanja mzima unamnyooshea kidole. Tena lazima awe na mkono wenye nguvu, maana kutoka pale hadi besi ya kwanza ni mbali na muda ni mchache.

Shiraishi alizaliwa Hiroshima mwaka 1918. Alisoma Koryo, moja ya shule za mji huo zenye jina kubwa katika besiboli, wakati huo akiitwa Toshio. Jina la Katsumi alilichukua ukubwani. Mwaka 1936, akiwa na miaka 18, alijiunga na Giants ya Tokyo. Ndio kwanza ligi ya kulipwa ilikuwa inaanza Japani.

Giants wakati huo walijiona wakubwa. Walikuwa wametoka ziara ya Marekani, wamecheza na timu za kule, wakarudi vichwa juu. Kilichofuata ni vichapo. Kocha wao, Sadayoshi Fujimoto, aliona wachezaji wamevimba kuliko uwezo wao. Septemba mwaka huo akawabeba hadi Tatebayashi, katika mkoa wa Gunma, jirani na hekalu la Morinji, akawafungia huko kambini.

Kambi hiyo inasimuliwa Japani hadi leo, na aliyeumia zaidi katika masimulizi hayo ni Shiraishi. Fujimoto alikuwa anampigia mipira ya chini, mmoja baada ya mwingine, mamia kwa mamia, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kijana akaanguka, akainuka. Akatapika, akarudi kwenye nafasi yake. Makocha wa siku hizi wenye vifaa vya kupima mapigo ya moyo wangesema ni ukatili, na pengine wangekuwa sahihi. Lakini aliyetoka Morinji hakuwa yule aliyeingia.

Desemba mwaka huohuo Giants walikutana na Osaka Tigers katika fainali ya michezo mitatu huko Suzaki, kando ya bahari ya Tokyo. Giants walishinda miwili, wakatwaa ubingwa wa kwanza wa historia yao. Mrushaji Eiji Sawamura ndiye aliyechukua sifa zote, kama washambuliaji wanavyochukua sifa kwenye soka. Nyuma yake, pale pengoni, alikuwepo mtoto wa Hiroshima. Na kocha wa Tigers waliofungwa siku hizo naye alikuwa mtu wa Hiroshima, Shuichi Ishimoto. Jina hilo litarudi.

Katika miaka iliyofuata Shiraishi alijulikana kwa kitu kimoja ambacho wengi walikuwa hawajakizoea. Enzi hizo kijana alifundishwa kukimbia hadi awe mbele ya mpira, ainame, audake kwa mikono miwili. Ndio ulinzi salama. Shida ni kwamba mpira unaokwenda mbali upande wa kulia wa shotistopu ukitaka kuufikia hivyo, utachelewa. Shiraishi alinyoosha mkono wa glavu kuvuka mwili wake, akaugeuza, akaudaka mpira kwa mkono mmoja akiwa bado anakimbia, akajizungusha na kurusha. Wajapani wanauita mtindo huo gyaku shinguru. Kwa macho ya wakati ule ulionekana kama majivuno. Ukweli ni kwamba ulikuwa unaokoa nusu sekunde, na kwenye nafasi ile nusu sekunde ndiyo tofauti ya mtu kupona au kutolewa. Leo hakuna shotistopu asiyefanya hivyo.

Giants walitwaa mataji mfululizo, kisha vita vikala kila kitu. Sawamura alikufa 1944 meli iliyombeba ilipozamishwa, na ligi ikasimama. Agosti 6, 1945, saa 2 na robo asubuhi, bomu la atomiki lilidondoshwa Hiroshima. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wanaokadiriwa kufika 140,000 walikuwa wamekufa. Mji aliozaliwa Shiraishi haukuwepo tena kwa maana ya kawaida ya neno mji.

Ligi ilirudi 1946, na hapo Shiraishi akaingia kwenye sakata ambalo shabiki wa soka atalielewa bila kufafanuliwa. Fujimoto, yule mwalimu wa Morinji, sasa alikuwa anaifundisha timu iitwayo Pacific. Akamchukua Shiraishi na mchezaji mwingine, Isamu Fujii, akawachezesha. Kumbe kwenye makaratasi Shiraishi alikuwa bado mali ya Giants na Fujii mali ya Tigers. Malalamiko yakafika mezani. Uamuzi: Pacific ikahesabiwa imefungwa michezo 4. Pointi hizo za mezani zikaenda kwa wapinzani, wakiwemo Great Ring, na mwisho wa msimu Great Ring wakawa mabingwa kwa tofauti ya mchezo mmoja tu. Walioachwa nafasi ya pili ni akina nani? Giants. Kwa kifupi, mchezaji waliyemdai ni wao ndiye aliyechangia wao kukosa kombe, bila hata kuwachezea.

Yaliisha. Shiraishi akarejea Giants, na 1949 klabu ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu vita viishe. Alikuwa na miaka 31, shotistopu wa timu kubwa kuliko zote nchini. Mtu wa kawaida angekaa hapo hapo, ale pensheni ya jina.

Mwaka 1950 ligi ilipanuliwa na kugawanywa mbili, Central na Pacific. Timu mpya zikazaliwa, nyingi zikiwa na kampuni kubwa nyuma yake, zikiwemo za magazeti na reli. Moja haikuwa na tajiri. Hiroshima Carp ilianzishwa kwa michango ya mkoa, miji na watu wa kawaida wa mahali ambapo majengo mengi yalikuwa bado ya mbao za kuokoteza. Jina lilitokana na samaki wa Mto Ota na ngome ya kale ya mji huo. Kocha akawa Ishimoto, yule aliyefungwa na Giants fainali ya 1936. Na Shiraishi akaacha kikosi cha mabingwa, akaenda kwao kuwa mchezaji na msaidizi wa kocha.

Alichokikuta kilikuwa kibaya ile mbaya. Msimu wa kwanza Carp walishinda michezo 41, wakafungwa 96, wakatoka sare mmoja. Waliachwa na mabingwa kwa michezo 59. Ukitafuta mfano kwenye soka ni timu inayoshuka daraja mwezi wa Januari halafu bado inalazimika kumaliza ratiba. Ila katikati ya aibu hiyo, kura za kikosi bora cha Ligi ya Central zilipohesabiwa, shotistopu bora wa ligi nzima alitoka kwenye timu iliyoburuza mkia. Alikuwa Shiraishi. Ukiwa na beki bora wa ligi na bado unafungwa mara 96, basi jua mipira ilikuwa inapigwa mahali ambapo yeye hakuweza kufika.

Fedha ndiyo ilikuwa hadithi nyingine. Mishahara ilichelewa. Machi 1951 ilikuwa karibu klabu ivunjwe au iunganishwe na Taiyo Whales ya Shimonoseki. Ishimoto akagoma kufa. Alizunguka mkoani akihutubia watu, akihamasisha matawi ya wanachama, na mapipa ya pombe ya sake yakawekwa kwenye milango ya uwanja ili anayeingia atumbukize chochote alichonacho. Watu waliopoteza nyumba na ndugu walitoa sarafu kulipia timu inayofungwa. Klabu ikaishi.

Jaribio lililofuata lilikuwa la uwanjani. Kabla ya msimu wa 1952 Ligi ya Central ilikubaliana kwamba timu itakayoshinda chini ya asilimia 30 ya michezo yake inaweza kufutwa. Kila mtu alijua ni nani anayelengwa. Hii haikuwa kushuka daraja ukapande tena mwakani. Ukizama, umezama. Carp walishinda 37, wakafungwa 80 na sare 3, asilimia 31.6. Walioanguka chini ya mstari ni Shochiku Robins, timu iliyokuwa bingwa miaka miwili tu nyuma. Robins wakaunganishwa na Taiyo, na mpigaji wao hatari, Makoto Kozuru, aliyewahi kupiga homurani 51 katika msimu mmoja, akahamia Hiroshima. Homurani, kwa wasiojua, ni ule mpira unaopigwa ukapaa hadi nje ya uzio, na mpigaji anazunguka besi zote kwa raha zake.

Mwaka 1953, katikati ya msimu, Ishimoto aliondoka na Shiraishi akapewa timu. Aliendelea kucheza huku akiwa kocha mkuu, jambo ambalo siku hizo lilikuwa la kawaida kwa timu masikini, mshahara mmoja kwa kazi mbili. Carp wakamaliza nafasi ya nne kati ya sita. Sherehe haikuwa kubwa, lakini mkia waliuachia wengine.

Akakaa kwenye kiti hicho hadi 1960. Si miaka ya mataji. Ni miaka ya kujenga ukuta tofali moja moja. Alikuwa na mrushaji Ryohei Hasegawa, mtu mfupi mwenye moyo mkubwa, ambaye 1955 alishinda michezo 30 katika timu ambayo haikuwa na uwezo wa kumsaidia sana. Julai 1957 ulifunguliwa uwanja mpya wa manispaa wenye taa za usiku, kwa fedha zilizotolewa na kampuni za mjini, mkabala na lile jengo lenye kuba ambalo lilibaki limesimama baada ya bomu na halikubomolewa hadi leo. Mwaka 1958 akasajiliwa kijana aliyecheza nafasi ileile ya kocha wake, shotistopu, jina lake Takeshi Koba. Na 1960, msimu wa 11 tangu klabu ianzishwe, Carp walimaliza na ushindi 62, vipigo 61, sare 7. Zaidi kwa mchezo mmoja! Ndiyo mara ya kwanza katika historia ya klabu kushinda zaidi ya walivyofungwa. Baada ya hapo Shiraishi akapumzika, timu ikapewa mwingine, na 1963 ikamrudia.

Ndipo akakutana na tatizo liitwalo Oh.

Oh alipiga kwa mkono wa kushoto na alikuwa hapigi ovyo. Nguvu zake zote zilielekea kulia. Mei 3, 1964, dhidi ya Hanshin Tigers, alipiga homurani 4 katika mchezo mmoja. Siku mbili baadaye alikuwa anakutana na Carp. Shiraishi hakuwa na warushaji wa kumzima mtu wa namna hiyo, na hilo alilijua kabla ya wote. Alichokuwa nacho ni karatasi. Takwimu za mahali ilipoangukia mipira ya Oh zilikuwa zimepitishwa kwenye kompyuta ya Toyo Kogyo, ile kampuni ya Hiroshima inayotengeneza magari ya Mazda. Jibu lilikuwa wazi: karibu yote kulia. Kocha ambaye maisha yake yote alilinda pengo la kushoto akaamua kuliacha pengo hilo wazi makusudi.

Mbinu yenyewe haikuzaliwa Japani. Mwaka 1946 Lou Boudreau wa Cleveland aliwahamishia mabeki upande mmoja kumkabili Ted Williams wa Boston. Na Boudreau alikuwa nani? Shotistopu aliyekuwa pia kocha. Labda si bahati mbaya. Anayesimama pale kati anaona uwanja mzima kama kiungo mkabaji anavyouona, na anajua nafasi ya kusimama ni makubaliano tu, haikuandikwa kwenye jiwe.

Mtego wa Shiraishi ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza kila mtu aliiona: mpira ukipigwa kulia chini, kuna mtu. Ya pili ndiyo ilikuwa na sumu. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu, na Oh angeweza kuusukuma mpira huko taratibu akapata besi ya bure wakati wowote. Shiraishi alitaka afanye hivyo. Angefanya leo, angefanya kesho, na polepole ule mzunguko wa mwili uliotengenezwa kwa miaka na kocha wake Hiroshi Arakawa ungeharibika. Mpigaji wa homurani angegeuka mpigaji wa vipande. Afadhali Oh ale besi moja moja kuliko kupaisha mipira jukwaani.

Oh hakula chambo. Aliendelea kupiga kulekule walikokuwa wamejazana, ila juu zaidi. Hakuna beki anayedaka mpira uliokwisha vuka uzio. Alimaliza msimu na homurani 55, akiivunja rekodi ya Katsuya Nomura ya 52 iliyowekwa mwaka mmoja tu kabla.

Ndiyo maana inasimuliwa sana kwamba mbinu ya Shiraishi ilifeli. Hesabu zinasema mengine. Msimu ule Oh aliongoza ligi kwa homurani, akaongoza pia kwa kuwafikisha wenzake nyumbani, 119. Angeongoza na wastani wa kupiga, angekuwa na mataji matatu kwa mpigo, jambo ambalo hakuna aliyelifanya Japani tangu vita viishe. Wastani wake ulikuwa .320. Shinichi Eto wa Chunichi alikuwa na .323. Katika nafasi 472 alizopata Oh kupiga, tofauti hiyo ni mipira miwili. Miwili! Carp na Giants walikutana mara 28 msimu huo. Ni mipira mingapi mikali ya chini ilikwenda kulia, mahali ambapo siku nyingine pangekuwa na nyasi tu, ikamkuta mtu wa Shiraishi amesimama anaisubiri? Homurani hakuzizuia, hilo kweli. Lakini Oh alisubiri hadi 1973 kupata mataji yale matatu, na Nomura akamtangulia kwa miaka 8.

Timu masikini ilikuwa imemkata mfalme kidole. Kichwa kilikuwa mbali mno kukifikia.

Shiraishi aliondoka Carp katikati ya msimu wa 1965, na timu akaachiwa Hasegawa, yule mrushaji wake wa zamani. Yeye akarudi Giants kuwa mmoja wa makocha chini ya Tetsuharu Kawakami, waliyecheza pamoja tangu kabla ya vita. Maana yake akawa benchi moja na Oh. Giants wa miaka ile walitwaa ubingwa wa Japani mara 9 mfululizo, kuanzia 1965 hadi 1973, na katika kikosi kama hicho kocha msaidizi huwa haonekani, kama shotistopu mzuri asivyoonekana.

Huko Hiroshima, mwaka 1975, Carp walipewa kocha mpya msimu ukiwa umeshaanza. Alikuwa Koba, yule kijana wa 1958. Oktoba 15 mwaka huo, palepale Korakuen, waliwafunga Giants na kutwaa ubingwa wa Ligi ya Central kwa mara ya kwanza, miaka 25 tangu ule msimu wa vipigo 96. Mwaka huo Giants ndio walioburuza mkia.

Mwaka 1985 Shiraishi aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli ya Japani. Alifariki Desemba 2000, akiwa na miaka 82. Rekodi ya Oh ya homurani 55 ilikuja kuvunjwa 2013 na Wladimir Balentien. Ule ujanja wa kuhamisha mabeki ulienea hadi Marekani wakachoka nao, na kuanzia 2023 ligi kuu ya kule imepiga marufuku: mabeki wawili kushoto kwa besi ya pili, wawili kulia, basi.